Aliyetupimia Maili Kumi

"Yule aliyetupimia maili kumi," babu alisema, fito ameibana kwa meno, "aliliwa na samaki."

Alilisema kama mtu anayesema mchele umepanda bei. Kisha akaitoa fito mdomoni, akaipitisha chini ya mwenzake, akavuta.

Ilikuwa Vanga, kusini mwa pwani ya Kenya, Ijumaa jioni, uani kwake. Sikwenda kwa ajili ya historia. Nilikwenda kwa ajili ya shamba la minazi ambalo mpaka wake umekuwa ukitembea: watoto wa marehemu nduguye wanauvuta huku, binamu zangu wanauvuta kule. Mmoja akataja hati, mwingine akataja serikali, na sisi watu wa pwani tukianza na hati hatumalizi bila kufika kwa Sultani na maili zake kumi. Ndipo babu, ambaye muda wote alikuwa kimya akisuka dema lake, mtego wa samaki wa fito, akatupa neno lile.

Tukacheka. Nikadhani ni laana tu, zile za wazee zisizomlenga mtu.

Lakini usiku, kwenye matatu ya kurudi Mombasa, neno likanikwama kooni kama mwiba wa tasi. Nani huyo? Na kama kweli samaki walimla, nani alimtupa majini?

Wiki tano sasa. Nimeandika makala haya mara nne na kuyafuta mara tatu.

## Mmoja wa watatu

Babu hakukosea, ila hakupatia yote.

Mwishoni mwa 1885 wazungu watatu walikutana Unguja kupima mamlaka ya Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, yanaishia wapi: Mfaransa, Mjerumani na Mwingereza. Barghash mwenyewe hakupewa kiti katika tume hiyo. Mwingereza alikuwa afisa wa jeshi wa miaka 35, Herbert Kitchener. Wakaipita pwani bandari kwa bandari. Mwaka uliofuata London na Berlin zikakubaliana: Sultani abaki na visiwa na ukanda wa maili kumi wa mwambao, na bara igawanywe kwa mstari unaoanzia mdomo wa mto Umba.

Mdomo wa Umba, kwa asiyejua, uko hapo hapo Vanga. Babu huvulia humo.

Huyo ndiye Kitchener ambaye miaka thelathini baadaye alikuwa Waziri wa Vita wa Uingereza, yule wa masharubu na kidole kwenye bango la kuwaita vijana jeshini. Na ndiye aliyezama Juni 5, 1916, magharibi ya visiwa vya Orkney, juu kaskazini ya Uskoti, akiwa ndani ya manowari HMS Hampshire njiani kwenda Urusi. Mwili wake haukupatikana.

Kwa hiyo samaki, naam.

Nikatafuta mkono uliofanya kazi hiyo. Jibu liko kila mahali, fupi, limekatwa vizuri: aliuawa na nyambizi ya Kijerumani, U-75. Mjerumani! Taifa lile lile lililokaa naye meza moja kuigawa pwani yetu. Nikaona nimeshapata makala. Nikaandika usiku ule ule, kurasa sita, jinsi wezi wawili walivyogawana na mwisho wakauana. Ilipendeza mno. Asubuhi nikaisoma tena na chai, nikaifuta.

Kwa sababu siku ile Kitchener alipokufa, U-75 haikuwepo.

## Chombo cha kutega

Wengi wetu tukisikia nyambizi tunaona ile ya kuwinda: darubini inachungulia, meli inapita, topido inaachiwa, mlipuko. Mwindaji anamwona mnyama wake.

U-75 ilikuwa na topido zake na mzinga, lakini haikuundwa kwa ajili hiyo. Iliundwa Hamburg katika karakana ya Vulcan, ikaanza kazi Machi 1916, urefu wake kama mita 57, watu thelathini na kitu ndani. Ukubwa wa kazi yake ulikuwa tezi, yaani nyuma ya chombo. Huko nyuma kulikuwa na mabomba mawili yenye upana wa mita moja moja, na mbele ya mabomba hayo ghala la ndani lenye mabomu 34 ya kutegwa baharini. Mabaharia waliishi na kulala na shehena hiyo hadi wafike mahali pa kuimwaga. Juu ya maji ilienda kama maili kumi za baharini kwa saa. Sikuitafuta namba hiyo, imekuja yenyewe.

Bomu lenyewe ni pipa la duara lililojaa baruti na hewa, jepesi kuliko maji, limefungwa kwa waya kwenye nanga nzito. Likitoka tezini huzama na nanga yake, kisha hujifungua na kupanda, na waya hulizuia lisifike juu. Hapo hukaa. Halionekani. Mwilini lina vipembe vya risasi, na ndani ya kila kipembe kichupa cha kioo chenye maji ya tindikali. Meli ikigusa kipembe, risasi hupinda, kichupa huvunjika, tindikali huangukia betri iliyokuwa kavu, na umeme unaozaliwa hapo hapo huwasha baruti.

Angalia vizuri kitu hiki. Betri haina umeme mpaka aguse atakayekufa. Yeye ndiye anayeiwasha.

Nilipofika hapa nikamkumbuka babu na dema lake, na sikupenda nilivyomkumbuka. Maana mvuvi wa dema naye hamwoni samaki wake. Anajua tu mkondo unapita wapi, mwamba uko wapi, mwezi uko siku ya ngapi. Anashusha, anaondoka, anakwenda kula. Tofauti ni kwamba mvuvi anarudi.

## Usiku wa kuamkia Mei 29

Nahodha wa U-75 aliitwa Kurt Beitzen. Mwishoni mwa Mei 1916 alitumwa pamoja na wenzake wawili wa aina ile ile. Admirali Scheer, mkuu wa manowari za Ujerumani, alikuwa na mpango wa kuwatoa Waingereza bandarini waje kupigana, na kabla ya kuwachokoza alitaka njia zao za kutokea zitegwe.

Kati ya vyombo vitatu, U-72 ilianza kuvuja mafuta, ikageuza bila kutega kitu. U-74 ilikutwa na meli ndogo za uvuvi zilizofungwa mizinga, Mei 27, ikazamishwa na watu wake wote. Ikabaki moja.

Usiku wa kuamkia Mei 29 Beitzen akafika magharibi ya Orkney, akamwaga mabomu yake karibu na rasi ya Marwick Head, akageuza kurudi.

Siku mbili baadaye vita vikubwa vya Jutland vikapiganwa, meli 250 kwa ujumla. Mtego wa Beitzen haukugusa hata moja. Manowari za Uingereza zilitokea upande mwingine. Kwa hesabu za Scheer, kazi ya U-75 ilikuwa bure: mafuta yameliwa, vyombo viwili kati ya vitatu vimeshindwa, na cha tatu kimetega mahali ambapo hakuna aliyepita.

Nimekaa sana na siku hizo saba, kati ya Mei 29 na Juni 5. Maji yanaingia na kutoka. Mabomu yanayumba kwenye waya zake. Aliyeyatega amerudi nyumbani, na yaelekea ameshaandika kwamba hayakufaa kitu.

## Upepo ukageuka

Hampshire ilikuwa imetoka kupigana Jutland wakati ilipopewa kazi ya kumpeleka Waziri Arkhangelsk, bandari ya Urusi. Iling'oa nanga Scapa Flow, bandari ya manowari za Uingereza huko Orkney, alasiri ya Juni 5. Dhoruba ilikuwa ikivuma kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo wakubwa wakaamua ipite magharibi ya visiwa, upande wa kivulini, ambako ardhi ingewakinga. Uamuzi wa busara kabisa. Babu angefanya vivyo hivyo.

Kisha upepo ukageuka, ukaja kutoka kaskazini magharibi, usoni.

Manowari mbili ndogo za kusindikiza, Unity na Victor, zikashindwa kuhimili mawimbi. Nahodha Savill akaziambia zirudi. Hampshire ikaenda peke yake.

Ilikuwa kama saa mbili kasorobo jioni. Kwetu kungekuwa giza, ila huko kaskazini mwezi Juni mwanga haujaondoka wakati huo. Meli ilikuwa maili moja na nusu tu kutoka ufukweni. Ikagusa. Umeme ukazimika, na bila umeme mashua za uokozi hazikushushwa. Zilizojaribiwa zilipondwa na mawimbi ubavuni mwa meli. Ndani ya robo saa Hampshire ilikuwa imekwenda chini, omo mbele. Machelezo matatu ya kuokolea watu yakafanikiwa kuondoka, watu wamejazana juu yake na wengine wakining'inia kwenye kamba, lakini baridi iliwaua mmoja mmoja wakiwa wameshikilia. Wengine walifika hai hadi kwenye miamba, wakafia hapo kwa kuwa hapakuwa na nguvu za kupanda.

Waliopona ni 12. Waliokufa ni 737.

Sikuweza kuisoma namba hiyo ya pili na kuendelea kumfikiria Kitchener. Nilijaribu. Makala yangu ya pili ilikuwa juu ya Kitchener, na nikaifuta kwa sababu ya watu wa machelezo.

## Watu wanataka mkono

Waingereza nao hawakukubali.

Haikuwaingia akilini kwamba jemadari mkubwa kuliko wote nchini mwao ameuawa na kitu kisichomjua, kilichotegwa kwa ajili ya shughuli nyingine, na watu waliokwisha kuondoka. Lazima pawe na mkono. Basi wakautafuta.

Kaburu mmoja, Fritz Duquesne, aliyewachukia Waingereza tangu vita vya Afrika Kusini, akajigamba kwamba alipanda melini kwa kujificha na kuwapa ishara Wajerumani. Bwana Alfred Douglas, mshairi, akamwandika Churchill kwa uzushi uliohusisha kifo hicho. Mwaka 1923 akafungwa miezi sita. Wa ajabu kuliko wote ni Frank Power, ambaye mwaka 1926 alileta jeneza London na kudai mwili wa Kitchener umo ndani, umetoka Norway. Wakubwa wakalifungua. Lilikuwa na lami, ya kulipa uzito.

Na huko Orkney kwenyewe, kwa miaka mingi wenyeji wamekuwa wakisimulia kwamba usiku ule walizuiwa na askari wasishuke kuokoa watu. Hiyo sikuicheka. Ni aina ya neno ambalo kijiji cha pwani hakilitungi kwa burudani.

Lakini nilipomaliza kucheka lile jeneza, nikajiona. Mimi nami nilikuwa nimekaa wiki mbili nikitafuta mkono. Nilitaka Mjerumani amuue Mwingereza kwa sababu ya Vanga. Nilikuwa na jeneza langu, na ndani lami.

## Maili arobaini

Hapo nikarudi kwa Kitchener wa Unguja, yule kijana, kumwangalia kwa jicho hilo hilo. Je, yeye ndiye aliyetupimia?

Katika tume, Mjerumani alishikilia kwamba Sultani ana vituo tu, hapa bandari, pale gereza, na kati yake hana kitu. Kitchener aliona mamlaka yanaingia ndani zaidi. Alikuwa tayari kukubali hadi maili arobaini. Lakini tume ilitakiwa iandike yale tu ambayo wote watatu wameyakubali. Maili kumi ndizo zilizobaki baada ya kila mmoja kukataa kitu. Hazikuwa kipimo cha mtu yeyote. Ni mabaki ya mabishano.

Simtetei. Maili arobaini zake alizitaka kwa ajili ya nchi yake, si kwa ajili ya babu yake babu. Na miaka minne baadaye Mjerumani akainunua sehemu ya kusini ya ukanda kwa mark milioni nne, na hakuna aliyemkumbusha kwamba alisema hapo hapana kitu. Sehemu ya kaskazini ikabaki na bendera ya Sultani hadi 1963. Yaliyofuata mnayajua, na wengine wenu mna kesi mahakamani.

Ninachosema ni kwamba nimelitafuta lile jina moja la kulibebesha mstari, na halipo. Lipo kundi la watu mezani, kila mmoja na tezi yake, wakitoa kitu nyuma yao na kuondoka. Kitchener aliondoka Unguja 1886. Uani kwa babu tunagombania minazi hadi leo.

Nakiri mfano huu una pengo. Bomu hulipuka likaisha. Mpaka haulipuki.

## Beitzen

Nilikuwa karibu kuacha hapa. Kisha nikafuatilia tu, kwa udaku, Beitzen aliishia wapi.

Aliiacha U-75. Chombo chenyewe, chini ya nahodha mwingine, kiligonga bomu Desemba 13, 1917, kaskazini ya visiwa vya Uholanzi. Watu 23 wakafa. Mtegaji alikufa mtegoni.

Beitzen akapewa U-102, nyambizi ya kuwinda. Mwaka 1918 Wamarekani na Waingereza walikuwa wakijenga uzio wa mabomu kutoka Orkney hadi Norway, kama mabomu 70,000, kuzifungia nyambizi za Ujerumani zisitoke. Mwishoni mwa Septemba U-102 ilikuwa ikirudi nyumbani. Haikufika. Inaaminika iligusa bomu la uzio ule. Mabaki yake yamekuja kuonekana mashariki ya kisiwa cha Stronsay.

Stronsay ni Orkney.

Nilikaa na ramani hadi mke wangu akaja kuuliza kama kuna msiba. Marwick Head upande huu wa visiwa, Stronsay upande ule, siku nzima ya gari na kivuko ingekutosha kuvizuru vyote viwili. Hampshire iko hapa, kichwa chini miguu juu, Beitzen yuko kule. Na aliyetega bomu lile la Beitzen, kijana fulani wa Marekani au Uingereza aliyesukuma pipa kutoka tezini, hakujua jina hilo na hakupata kulijua.

## Kamba ya makumbi

Ijumaa iliyopita nilirudi Vanga. Babu alikuwa pale pale, dema jingine. Nikamwamkia, nikaketi, nikamsimulia yote, na nilijitahidi nisipambe.

Alisikiliza. Habari za Kitchener alizipokea kwa kichwa tu. Maili arobaini zilimfanya agune. Nilipotaja Juni aliinua uso.

"Juni? Kusi hiyo."

"Kwao hakuna kusi, babu. Lakini dhoruba ilikuwepo."

"Na waliopona kumi na wawili."

"Kumi na wawili."

"Wakashika nini?"

Nikamweleza machelezo. Akataka kujua yalikuwa ya nini, mti au ngozi, na kamba zilikuwa upande gani. Sikuwa na majibu ya kutosha na aliona.

Kisha akauliza swali ambalo mimi, kwa wiki tano zote, sikujiuliza mpaka mwishoni.

"Na yale mengine? Alitega mengi, si lile moja."

Nikamwambia. Yalibaki pale pale. Juni 22, siku kumi na saba baada ya Hampshire, mashua ya uvuvi iitwayo Laurel Crown ilikuwa miongoni mwa zile zilizotumwa kuyaopoa. Bomu moja likaipata. Wakafa watu tisa. Mwaka 2016 walipojenga ukuta wa majina juu ya jabali la Marwick Head, pembeni ya mnara wa Kitchener, waliwaandika wale 737, na hawa tisa pia.

Babu akanyamaza muda. Halafu akanyoosha mkono, nami sikuelewa anataka nini.

"Kamba. Hapo nyuma yako."

Kulikuwa na za aina mbili, nailoni ya bluu na kamba ya makumbi ya nazi. Nikamshikisha ile ya bluu, maana ndiyo mpya. Akairudisha.

"Hiyo ya mwili. Mlango haufungwi kwa hiyo."

Dema la siku hizi, alieleza, halina tena fito tupu. Amelizungushia waya kwa kuwa fito zinaoza upesi. Lakini waya hauozi. Chelezo, boya lake, likikatika na dema likapotea, linaendelea kuvua: samaki anaingia, anakufa, anakuwa chambo cha mwingine, mwaka hata miaka, na hakuna anayekwenda kutoa. Kwa hiyo mlango anaufunga kwa makumbi. Likipotea, kamba itaoza, mlango utaanguka.

Nikampa ya makumbi. Akafunga, mafundo mawili, akaujaribu mlango kwa kidole gumba. Kisha akauliza kama nimewaambia binamu zangu kwamba kikao cha shamba kimesogezwa hadi Jumamosi, na kwamba safari hii waje na kamba ya kupimia, si maneno.